Rimu pana kwenye gari dogo lililoshushwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu hasa magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, yenye shokapu za MacPherson mbele na boriti ya kujipinda nyuma, yaliyotoka kiwandani na rimu za inchi 13 hadi 15 zenye upana wa 5J hadi 6J. Gari lako likiwa na muundo mwingine, hesabu ni zilezile. Sehemu zinazogusana ndizo zitakazotofautiana.

## Nianze na kipi, kushusha gari au kununua rimu?

Shusha kwanza. Gari linaposhuka, gurudumu halipandi wima ndani ya madigadi. Linafuata upinde wa mkono wa chini, hivyo linalala na kusogea kando kidogo, na vipimo ulivyochukua gari likiwa juu havina kazi tena. Funga springi fupi au koilova (shokapu na springi zinazorekebishika kimo), weka kimo utakachotumia kila siku, fanya alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) ya awali, liendeshe siku chache springi zitulie, ndipo upime. Rimu zinafuata, kisha matairi, kisha kazi ya bodi kama ipo, na alaimenti ya mwisho inafunga kazi.

Wengi hufanya kinyume kwa sababu rimu ndiyo inayotamanisha. Mwisho wake gari linapandishwa tena ili rimu zienee, na fedha ya springi imekwenda bure.

## Namba zilizo nyuma ya rimu zina maana gani?

Chukua mfano wa 15x8J 4x100 ET25 73.1.

15 ni kipenyo kwa inchi. 8J ni upana, nao hupimwa kwa ndani, pale tairi linapokaa. Ukipima kutoka ukingo hadi ukingo utapata karibu inchi 1 zaidi. Kwa hiyo rimu ya 8J inahitaji nafasi ya kama milimita 228, si 203. Hapa ndipo wanaopima kwa rula bila kujua hukosea.

4x100 ni idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu hayo. Kwa matundu 4, pima kati kwa kati ya matundu yanayotazamana. Kwa matundu 5, pima kati kwa kati ya matundu mawili yanayofuatana, kisha zidisha kwa 1.7. Ogopa vipimo vinavyokaribiana: 4x98 na 4x100, au 5x112 na 5x114.3. Rimu inaingia, nati zinakaza, lakini kila stadi (boliti ya habu inayoshika nati) imevutwa upande. Stadi ya namna hiyo haitoi dalili kubwa mpaka siku inapokatika.

ET25 ni ofseti: umbali kwa milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaolalia habu, yaani kitovu cha gari kinachofungwa gurudumu. Namba ikipungua, rimu inatokeza nje; ikiongezeka, inazama ndani kuelekea shokapu. 73.1 ni kipenyo cha tundu la kati.

## Nitajuaje rimu mpya itatokeza kiasi gani?

Hesabu ni mbili tu. Chukua tofauti ya upana, igeuze kuwa milimita (inchi 1 ni milimita 25.4), igawe kwa 2. Kisha chukua tofauti ya ofseti. Kwa upande wa nje, jumlisha; kwa upande wa ndani, toa.

Tuseme gari lina 6J ET45 na wewe unataka 8J ET30. Nusu ya tofauti ya upana ni 25.4. Tofauti ya ofseti ni 15. Ukingo wa nje utatoka milimita 40.4 zaidi ya ulivyokuwa, na ule wa ndani utasogea milimita 10.4 kuelekea shokapu. Ukichagua 7J ET38 kwenye gari hilohilo, nje unapata 19.7 na ndani 5.7. Ukienda 9J ET15, nje ni 68.1 na ndani 8.1, na hapo tunazungumzia madigadi za kupanua, si kukunja ukingo.

Kwa gari dogo la matumizi ya kila siku, 7J yenye ofseti ya 35 hadi 40 mara nyingi huingia bila kugusa bodi. 8J inataka kazi. Zaidi ya hapo unajenga gari la maonyesho, na si vibaya, ilimradi ujue ndicho unachojenga.

Kipenyo cha rimu chenyewe hakina lawama kubwa. Gari huguswa kwa sababu ya upana, ofseti na kipenyo cha nje cha tairi. Rimu ya inchi 17 yenye tairi jembamba inaweza kupita mahali ambapo inchi 15 yenye tairi nene inakwama.

## Nipime nini kwenye gari lenyewe?

Gari lililosimama chini halikuambii kitu. Tairi hugusa wakati springi imebonyea na usukani umekatwa, kwa hiyo hali hiyo ndiyo ya kupima.

Pandisha gari, liweke juu ya stendi imara, toa springi ya upande mmoja lakini urudishe shokapu na mpira wake wa kizuizi mahali pake. Springi za MacPherson hutolewa kwa kifaa cha kuzibana. Springi ikifyatuka mkononi inavunja mifupa, kwa hiyo kama huna kifaa hicho, mpe fundi aliye nacho. Funga gurudumu la zamani, kisha inua habu kwa jeki taratibu mpaka mpira wa kizuizi uanze kubanwa. Sasa kata usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, ukipima sehemu hizi:

- tairi na mwili wa shokapu, pamoja na kikombe cha springi
- tairi na chesisi kwa ndani, usukani ukiwa umekatwa
- tairi na kona ya bampa, pamoja na plastiki ya ndani ya madigadi
- ukingo wa madigadi na bega la tairi
- mpira wa breki na waya wa ABS

Toa namba zako za hesabu kutoka kwenye kila nafasi. Kinachobaki kwa upande wa shokapu kisiwe chini ya milimita 5. Shokapu na gurudumu husogea pamoja, kwa hiyo nafasi hiyo haibadiliki sana. Kwa upande wa madigadi acha milimita 8 hadi 10, kwa sababu tairi hujikunja kwenye kona na bushi za mpira nazo hulegea. Nyuma, inua gurudumu moja huku lingine likining'inia, kama gari linavyokaa likipanda ukingo kwa mshazari. Boriti hupinda hapo, na tairi linalala tofauti na linapopanda yote mawili pamoja.

Kama unataka kujua tu gurudumu limeingia kiasi gani chini ya madigadi, ning'iniza timazi kutoka kwenye ukingo wa madigadi usawa wa katikati ya habu, upime kutoka uzi hadi ukingo wa rimu. Andika magurudumu yote 4. Upande wa kulia na wa kushoto ni nadra kulingana.

## Tairi la saizi gani?

Lenga kipenyo cha nje kisichopishana na cha kiwandani kwa zaidi ya asilimia 2 au 3. Zidisha upana wa tairi kwa asilimia ya profaili (kimo cha ubavu), zidisha kwa 2, ongeza kipenyo cha rimu kwa milimita.

185/60R14 inatoa milimita 577.6. Badala yake 195/50R15 ni 576, na 195/45R16 ni 581.9; zote ziko sawa kabisa. 205/40R17 ni 595.8, yaani asilimia 3 zaidi, na nusu ya ongezeko hilo, milimita 9, inaingia juu kwenye madigadi ambamo tayari umepunguza nafasi kwa kushusha.

Usisahau namba ya uzito iliyo ubavuni. 82 ni kilo 475 kwa tairi, 84 ni 500, 87 ni 545. Tairi la profaili ya chini mara nyingi lina namba ndogo kuliko la kiwandani. Likiwa chini ya kinachotakiwa na gari lako, achana nalo hata kama linapendeza.

## Je, naweza kuvuta tairi jembamba kwenye rimu pana?

Kila saizi ya tairi ina mipaka ya upana wa rimu iliyowekwa na mtengenezaji. Kwa 195/50R15 mipaka hiyo ni 5.5J hadi 7J. Ukiiweka kwenye 8J umeshatoka nje ya mipaka. Watu hufanya, linakaa, lakini ujue unachopoteza. Ubavu unalala, ukingo wa rimu unabaki wazi kwa kila shimo na kila jiwe la pembeni, na upepo ukipungua kidogo tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukiwa kwenye kona.

Faida yake ni moja: bega la tairi huingia ndani, kwa hiyo linapita chini ya ukingo wa madigadi mahali ambapo tairi lililonyooka lingegusa. Kama unavuta kwa sababu hiyo, vuta kidogo, kisha maliza nafasi iliyobaki kwa kemba (mlalo wa gurudumu, tazama chini) na ofseti.

Wakati wa kufunga, paka sabuni ya matairi kwa wingi na tumia pampu ya kurusha upepo kwa mkupuo. Matairi mengi huandikwa ubavuni kwamba usizidishe psi 40 wakati wa kukalisha. Yakikataa, toa upepo, paka tena, anza upya. Kumwaga petroli au kupuliza gesi kisha kuwasha kiberiti ni kulipua tairi, na rimu huruka.

## Kemba kiasi gani inatosha?

Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele. Kwa tairi lenye kipenyo cha milimita 580, kila digrii 1 ya kulala ndani huingiza ncha ya juu kama milimita 5 kuliko kitovu chake. Kwa gari la kila siku, digrii hasi 1.5 hadi 2.5 mbele (hasi ni kulala ndani kwa juu) inavumilika.

Namna unavyoipata ina maana kubwa. Boliti za kemba, zile zinazofunga shokapu kwenye nako (kipande kinachobeba habu), huinamisha gurudumu kuelekea shokapu, kwa hiyo nafasi ya ndani inapungua. Sahani za juu ya shokapu huinamisha shokapu na gurudumu kwa pamoja. Nafasi kati yao haibadiliki. Rimu yako ikiwa tayari imebana kwa ndani, boliti hazitakusaidia.

Nyuma, boriti ya kujipinda haina marekebisho. Huwekwa vibati vya mshazari kati ya ekseli fupi na boriti. Kibati kiwe cha gari hilo na kifunike uso wote. Washa zilizopangwa upande mmoja hupindisha uso na kulegeza boliti.

Kinachokula tairi haraka si kemba peke yake. Ni toini au toauti (ncha za mbele za magurudumu kuelekea ndani au nje) iliyokosewa juu ya kemba hiyo. Kila ukigusa kemba, mwelekeo huo nao hubadilika, kwa hiyo urekebishe mwisho, karibu na sifuri. Pitisha kiganja juu ya tairi kwa upana, kwenda na kurudi: kama upande mmoja ni laini na wa pili unakwaruza, rudi kwenye alaimenti kabla hujatafuta mchawi mwingine.

## Spesa ni salama?

Spesa ni sahani inayowekwa kati ya habu na rimu. Nzuri ni salama, mbovu ni hatari, na tofauti huonekana kwa macho. Nzuri ni ya alumini iliyochongwa, ina tundu linalobana habu na mdomo wake wa kubeba tundu la kati la rimu. Ile ya bapa yenye matundu mengi ya kufaa kila gari huacha uzito wote kwenye stadi.

Kisha hesabu nyuzi. Nati iingie kwenye stadi kwa urefu usiopungua kipenyo cha stadi. Kwa M12x1.5 (kipenyo cha milimita 12, nyuzi za kila milimita 1.5) hiyo ni milimita 12, yaani mizunguko 8 kamili ya mkono. Kwa M12x1.25 ni kama mizunguko 10. Ukipata 5, badilisha stadi ziwe ndefu au toa spesa. Zile nene zenye stadi zake zenyewe hufungwa mara mbili: spesa kwenye habu, rimu kwenye spesa. Stadi za kiwandani zisichomoze kupita uso wa spesa, isipokuwa rimu ina mifuko ya kuzipokea kwa nyuma. Na ukaze nati za ndani upya, jambo ambalo husahaulika kwa sababu hazionekani.

Spesa hupunguza ofseti. ET45 yenye spesa ya milimita 15 ni sawa na ET30. Iingize kwenye hesabu.

## Nati za zamani zitafaa?

Zitafaa kama zina mkao uleule. Kuna nati za koni ya digrii 60, za duara na za bapa lenye washa. Rimu nyingi za kununua ni za koni, wakati magari kadhaa hutoka kiwandani na nati za duara. Nati ya duara kwenye tundu la koni inagusa mstari mwembamba tu. Inakaza vizuri leo na inalegea kesho.

Matundu ya rimu hizi pia mara nyingi ni membamba, kwa hiyo nati ya kawaida haiachi nafasi ya soketi. Nunua nyembamba pamoja na ufunguo wake, na ufunguo ukae garini.

Tundu la kati likiwa kubwa kuliko habu, weka pete. Tundu la 73.1 juu ya habu ya 54.1 linahitaji pete yenye vipimo hivyo viwili hasa. Futa kutu kwenye habu kwa brashi ya waya kwanza. Kaza kwa mpangilio wa nyota kwa spana ya kupimia nguvu: kwa stadi za M12, magari mengi madogo yanataka Nm 100 hadi 110, lakini kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Rudia baada ya kilomita 50 hadi 100.

## Ukingo wa madigadi hukunjwaje bila kupasua rangi?

Kwa joto na uvumilivu. Toa skrubu na plastiki ya ndani, osha tope lote, kagua gundi ya kiungo. Funga rola kwenye habu. Pasha chuma kwa bunduki ya joto huku ukiisogeza, mpaka kiganja kisivumilie kukaa. Pitisha rola kwenda na kurudi kwa pembe ndogo, kaza kidogo, pasha tena, pitisha tena. Raundi 4 au 5 ni kawaida. Anayetaka kumaliza kwa moja ndiye anayeondoka na bodi yenye mawimbi. Madigadi iliyowahi kupigwa puti itapasuka hata ukiipasha.

Simama kabla ya kufika kwenye kiungo cha bampa, kwa sababu vishikizo vyake viko hapo. Nyuma ukingo ni bati mbili zilizounganishwa: ukiukunja, gundi ya kati hupasuka na maji huingia. Ziba kwa gundi ya viungo, paka rangi, kisha nta. Ukiruka hatua hiyo, kutu itaanzia ndani na utaiona ikiwa imeshatoboa.

## Nikate springi badala ya kununua fupi?

Hapana. Springi iliyokatwa hupoteza mkia wake, haikai kwenye kikombe, na gari likiinuliwa inalegea kabisa. Shokapu ndefu ya kiwandani nayo inafanya kazi karibu na mwisho wa mwendo wake, inagonga na kufa mapema. Springi za kushusha milimita 30 hadi 40 pamoja na shokapu fupi ndiyo kazi.

## Linagusa kwenye matuta tu. Nifanye nini?

Soma alama. Paka chaki kwenye ukingo wa madigadi na kwa ndani, endesha, angalia palipofutika.

Alama kwenye bega la nje la tairi ni ukingo wa madigadi. Alama ubavuni kwa ndani, usukani ukikatwa, ni chesisi au plastiki; plastiki hupashwa moto na kusukumwa, chesisi haina dawa ila ofseti au kuzuia usukani usifike mwisho. Mstari unaong'aa kuzunguka ukingo wa ndani wa rimu ni shokapu, na hapo spesa ya milimita 3 hadi 5 inaweza kumaliza habari.

Kama linagusa mara chache gari likibeba watu, ongeza urefu wa mpira wa kizuizi ili gurudumu lisimame kabla ya madigadi. Gari litakuwa gumu likijaa, lakini tairi halitakatwa. Kuondoa mpira huo ili lishuke zaidi ni kosa linaloonekana mara nyingi mno.

## Usukani unatetemeka au unavutwa. Kwa nini?

Kutetemeka kwa kasi ya kilomita 80 hadi 110 kwa saa: anza na pete za kati, kisha balansi, kisha rimu iliyopinda. Kuvutwa na mifereji ya barabara, au wakati wa breki, kunatokana na ofseti ndogo: kitovu cha tairi kimehamia nje ya mhimili wa usukani, na kila mkwaruzo unapata nguvu ya kuuzungusha. Alaimenti hupunguza, haiondoi. Uzito huohuo huangukia beringi, tai rodi na bushi. Zikague mara nyingi kuliko zamani.

## Kuna kitu kingine kinachobadilika?

Taa za mbele, zirekebishwe. Spidomita, ikiwa kipenyo kimebadilika. Na kimoja ambacho wengi hawakijui: baadhi ya magari madogo yana vali inayogawa nguvu ya breki za nyuma, ikiwa imeunganishwa na boriti kwa kifimbo. Ukishusha nyuma, vali hudhani gari limepakiwa mzigo na kuongeza nguvu nyuma. Kwenye mvua magurudumu ya nyuma hujifunga kabla ya yale ya mbele. Fuata maelekezo ya gari kuirekebisha kwa kimo kipya.

Sheria za magari yaliyobadilishwa hutofautiana. Lililo la kawaida ni kwamba tairi lisitokeze nje ya madigadi. Thibitisha kabla ya ukaguzi.

## Nikinunua rimu zilizotumika nikague nini?

Tafuta alama ya JWL (kiwango cha Kijapani cha rimu za aloi) na uzito wa juu uliogongwa kwa nyuma; uzito huo usipungue nusu ya mzigo wa ekseli. Zungusha rimu kwenye mashine ya balansi bila tairi na utazame kingo zote mbili. Safisha upande wa ndani uone nyufa, hasa pale mikono inapokutana na pipa, na mahali palipochomelewa. Iliyochomelewa mkononi au karibu na matundu ya nati, iache. Mwisho, iweke kwenye habu bila tairi na uizungushe: mikono ya rimu isiguse kalipa, na kati yao pite angalau milimita 3.